Buluu Aliyoiona Mama

4 Februari

Kaka yangu,

Za siku nyingi? Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe wa kuungaunga. Mgongo wa shemeji yako umerudia mchezo wake, anatembea kama aliyebeba kabati. Mpwa wako amepata kazi ya ukarani. Mwezi wa kwanza tu, na ameshaanza kutusahihisha tunavyoongea mezani. Mimi na cherehani yangu bado tunagombana. Wote wanakusalimu na wanauliza Koti Tatu anarudi lini. Majirani wa zamani hawajaliacha hilo jina, fundi asiyeshuka ngazi mpaka ukuta aupake mara tatu.

Mama nimemhamishia kwangu, chumba cha nyuma. Moyo wake umechoka, kaka. Daktari hakuzunguka: cha kutibu hakipo, kilichopo ni kumtunza. Na macho yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Hawathubutu kumpasua kwa moyo ule.

Sasa ana ombi. Anataka chumba chake kipakwe buluu ya sebule yetu ya zamani, ile uliyoipaka ulipokuwa bado unajifunza kazi, kabla nyumba haijavunjwa kupisha barabara. Anataka akiamka aione. Nimenunua kopo la buluu, nikapaka kipande ukutani. Akakitazama akasema, "Haya ni maji ya kuoshea vyombo." Nikanunua lingine. "Na hili ni jivu." Sasa ukuta umejaa viraka kama suruali ya mtoto mtundu, na mimi nimeishiwa na maarifa.

Wewe ndiye fundi. Njoo uichanganye. Ukichelewa namsilibia nyeusi, nimalize kazi.

Barua zako namsomea kwa sauti, anazipenda. Ukiwa na jambo ambalo hutaki alisikie, liandike kwenye karatasi ya pili.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika, na salamu zote nimezipokea. Mwambie shemeji apunguze kubeba hilo kabati. Mpwa wangu naye mwambie mjomba ataongea anavyotaka. Mama, shikamoo. Nasikia unawasumbua mafundi huko. Endelea hivyo hivyo.

Twende kazini. Kosa lako ni kulaumu kopo kabla ya kuuliza dirisha. Chumba kinapata jua la asubuhi au la jioni, au hakipati kabisa? Dirisha linatazamana na nini? Rangi haiishi peke yake, mdogo wangu. Ukuta wa jirani ukiwa mwekundu, mwanga unaugonga ule ukuta kwanza ndipo unaingia kwenu, na unaingia umeshajipaka. Buluu ni rangi ya baridi. Chumba kisicho na jua kinaizidishia baridi, inageuka kijivu mbele ya macho yako.

Usijaribie ukutani tena. Chukua ubao, upake mara mbili, uache ukauke kabisa, maana rangi mbichi ni muongo. Kisha uuhamishe: karibu na dirisha, nyuma ya mlango, chini ya taa. Utadhani ni mbao tatu tofauti.

Jambo la mwisho. Kila rangi ina mpinzani wake. Buluu mpinzani wake ni chungwa, kijani mpinzani wake ni nyekundu. Ukiwaweka kando kwa kando wanapandishana hasira, kila mmoja anawaka. Ukiwatia ndoo moja wanauana. Kwa hiyo buluu yako ikivuta kwenye kijani, tone la nyekundu litaua ule ukijani. Tone, si kikombe. Wewe mkono wako naujua tangu enzi za kuzidisha chumvi.

Kuja siwezi kwa sasa. Tuna jengo la ghorofa na bosi hataki kusikia ruhusa. Karatasi ya pili sina la kuandika.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mgongo wa shemeji yako umetulia, sasa ni meno.

Nimefanya yote. Dirisha linatazamana na ukuta wa matofali wa jirani, kweli mwekundu, nikatundika pazia jeupe kuuzuia. Ubao nimeuhamisha mpaka mpwa wako akaniuliza kama nimeajiriwa kuubeba. Nimetia tone, nikatia la pili. Nilipata buluu nzuri, kaka, mimi ninayechagua nyuzi mlangoni kwenye mwanga kila siku nakuambia ilikuwa buluu tamu ya kitambaa cha sherehe. Mama akauegemeza ubao mapajani, akautazama, akautazama tena. "Hapana, mwanangu. Umejitahidi."

Kilichoniumiza ni huo upole. Bora angenitukana maji ya vyombo.

Jana daktari alikuja kumpima. Mama akamwambia, "Nina mtoto wa jicho asiyetaka kuondoka, na mtoto wa tumbo asiyetaka kuja." Daktari akacheka. Mimi nilitoka nje.

Mdogo wako

(Karatasi ya pili)

Hii sikumsomea. Mama hana haja na buluu tu, ana haja na wewe. Amekuwa mdogo, kaka, namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Kila gari likisimama nje anauliza ni nani. Mwambie bosi wako mama yako anakufa. Kama ana mama ataelewa.


20 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Wote nawasalimu, meno ya shemeji pamoja.

Mama, nimekaa na makopo Jumapili nzima. Nimekumbuka ile sebule: nilikusanya mabaki ya kazi za watu, nikayamimina ndoo moja, na wewe ukakoroga kwa mwiko wako wa jikoni, tukakosa mwiko wiki nzima. Ndiyo maana haipatikani dukani. Ilikuwa buluu ya mabaki.

Mdogo wangu, kadi iliyo humu nimeipaka kwa mkono wangu. Ndiyo yenyewe. Nimeandika vipimo nyuma: ndoo ya nyeupe, buluu kali kiasi gani, na nyekundu kiasi gani. Nyekundu utaiona ni nyingi. Usiogope. Kila nilipochanganya ilivuta kwenye kijani, nikaiua mpaka ikakaa sawa. Usiongeze, usipunguze. Kadi ni ndogo na ukuta ni mkubwa, kwa hiyo ukutani itaonekana nzito zaidi. Dari liache jeupe, chumba kipumue.

Kaka yako

(Karatasi ya pili)

Siwezi kuja. Nakuomba usiniulize sababu.


28 Juni

Kaka,

Salamu leo nazifupisha. Wote wazima. Yote haya ni karatasi ya pili.

Nilipoitoa kadi kwenye bahasha nilidhani unatufanyia mzaha. Kaka, ile ni zambarau. Zambarau kali, ya kuumiza meno. Niliipeleka mlangoni kwenye jua kama ninavyopeleka kitambaa, nikaigeuza, nikasoma vipimo, nikasema huyu ama amelewa ama ametuchoka. Nikaenda posta, nikapiga simu ofisini kwenu. Aliyepokea akaniambia wewe uliacha kazi mwaka jana. Nikasema haiwezekani. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ulipaka ukumbi mzima nusu rangi moja na nusu nyingine, na ukaapa ni moja. Ikatokea tena. Hawakukufukuza, wewe ndiye uliyeacha brashi mlangoni ukaondoka. Anakusalimu sana.

Macho yako yana nini? Kwa nini mimi niambiwe na mtu wa simu?

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikakuta kadi ile mkononi mwa mama. Nilikuwa nimeiacha mezani. Ameishika karibu na pua na machozi yanamshuka. "Ndiyo hii," akasema. "Umeiona? Ndiyo sebule yangu. Nilikwambia yeye ataijua."

Nilikaa chini, kaka.

Daktari ndiye aliyenieleza. Mtoto wa jicho huingiza manjano machoni, mtu anaona kama anachungulia kupitia chai. Buluu haipiti vizuri, ikipita inafika imechoka, ina ukijani. Ile buluu yangu tamu kwake ilikuwa jivu kweli, hakuwa anadeka. Ili yeye aione buluu ya zamani, ukutani lazima iwe zambarau. Nikamwuliza, na mtu akiichanganya zambarau hiyo huku akiapa ni buluu? Akanitazama. Akasema huyo naye aletwe hospitali.

Basi nimeipaka. Vipimo vyako, bila kuongeza wala kupunguza. Shemeji yako anasema chumba kinafanana na baa. Wageni wakiingia wanameza mate kwanza ndipo wanasalimia. Mama anawaambia wote, "Mwanangu ameichanganya kutoka mbali, na hakukosea hata kidogo." Anaamka anautazama ukuta, ananieleza kochi lilikuwa hapa, mlango wa jikoni pale. Mimi naitikia.

Hajui kitu kuhusu macho yako. Sijamwambia. Njoo, kaka. Hata ukija hivyo, njoo.

Mdogo wako


19 Julai

Kaka,

Mama ametutoka juzi alfajiri, chumbani mwake, macho yakiwa ukutani. Nilikuwa nimemshika mkono.

Tumepiga simu ofisini kwenu, hawajui unakokaa. Tumekusubiri mpaka wazee wakasema basi. Tumemzika leo.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui salamu inaanzaje kwenye barua kama hii. Poleni. Pole wewe hasa.

Barua zako zote mbili zimenifikia siku moja. Mwenzangu wa zamani ndiye aliyekuwa akiniletea barua kutoka ofisini; nilihama bila kumwambia, zikabaki huko mpaka alipokutana nami njiani akanifuata nyumbani nazo. Nilifungua ya Julai kwanza. Halafu nikafungua ya Juni, nikasoma mama alivyofurahi, na nilikuwa nimeshajua amekufa.

Nilianza kuona vibaya miaka mitatu nyuma. Nilidhani ni vumbi la msasa. Halafu nikadhani viwanda vimeanza kutuibia rangi. Fundi asiyeona rangi anaitwaje? Niliogopa kuulizwa hilo. Niliogopa zaidi kuingia chumbani kwa mama, anipe kopo, aseme changanya. Na nilimjua mama: angejua nina ugonjwa wake, angesema yeye ndiye aliyenipa, afe na hilo moyoni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikitazama sasa, naona ni aibu tu nilikuwa naivisha nguo nzuri.

Nikukosee vipi zaidi ya hivi? Mama alikuwa anasikiliza magari, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani mchana bila kazi yoyote.

Hospitali ya hapa wameniandika. Wanapasua jicho moja, wakiona limepona wanapasua la pili. Wanasema nitaona kama kijana.

Kaka yako


12 Septemba

Kaka,

Hujambo? Sisi tupo. Shemeji yako anakupa pole, ameandika mwenyewe pembeni hapo, kwa mwandiko ule umpe pole yeye.

Nimekukasirikia. Niliiandika barua ya kwanza kukujibu nikaitia jikoni, ilikuwa na maneno ambayo mdogo hamwambii kaka yake. Bado yapo, ila yamepungua makali. Ungekuja hata kipofu, mimi ningekushika mkono mpaka kitandani kwake. Ungesema umechoka, hakuna ambaye angekupa kopo.

Nikuambie kinachonitesa. Kila siku nikimaliza kushona naingia chumba kile, nakaa kwenye kitanda chake, nautazama ukuta. Nataka kuiona sebule. Nabana macho, nafunga pazia, nawasha taa, nazima. Naona zambarau. Nilimwitikia mama wiki zote zile, "Ndiyo mama, naiona," na sikuwa naona chochote. Alikufa akidhani tuko wawili mle ndani.

Duniani amebaki mtu mmoja anayeweza kuiona. Wakikutengeneza macho, hayupo tena. Sikuombi uache hospitali. Nakuomba uje kwanza.

Mdogo wako


6 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta nimeshapasuliwa jicho la kulia. Nilipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni shuka la hospitali. Jeupe, mdogo wangu. Nilikuwa nimesahau nyeupe ikoje. Nililia mpaka nesi akanigombeza nitaharibu kazi ya daktari.

La kushoto bado ni lile lile la zamani. Walitaka kulipasua mwezi huu. Nimewaambia wangoje, nina safari.

Nitapanda basi la Ijumaa. Usipike chochote kikubwa.

Kaka yako


15 Novemba

Kaka,

Natumaini ulifika salama na jicho halikuingiwa na vumbi. Sisi wazima. Mpwa wako amefurahi kukufahamu akiwa mtu mzima, anasema mjomba haongei lakini anakula.

Kweli hukuongea. Ulikwenda kaburini, ukarudi, ukaingia chumbani. Nilikuwa mlangoni na chai yako. Nilikuona umekaa kitandani kwa mama, unafunika jicho moja kwa kiganja, halafu unafunika lingine, unarudia, unarudia. Chai ikapoa mkononi mwangu na sikuweza kuingia. Ulipotoka ukaniambia la pili hutalipasua, utabaki nalo hivyo hivyo. Ukapanda basi.

Acha ujinga, kaka. Daktari wangu anasema ukilichelewesha litakuja kufungika kabisa, na hapo hata zambarau hutaiona. Mama angekuchapa na ule mwiko. Nenda hospitali.

Halafu nina swali na jambo. Swali: uliona nini? Jambo: mpwa wako anaolewa mwakani, mchumba wake hana pa kukaa kwa sasa, wanakihitaji chumba kile. Yeye anaona haya kusema, lakini mle ndani hawezi kulala kwa rangi ile. Nimemwambia nitakuuliza.

Mdogo wako


9 Desemba

Mdogo wangu,

Wasalimie wote. Mpwa wangu mpe hongera, na huyo mchumba mwambie nimeshamkagua kwa jicho zima.

Umeuliza niliona nini. Nilipofunika jicho jipya, niliiona sebule yetu. Ukuta ulikuwa buluu ile ile, laini, kama siku ilipokauka, na mama alikuwa karibu kabisa, nilihisi nikigeuka nitamkuta na mwiko. Nilipofunika la zamani nikaona ukuta wa zambarau, mbaya kweli, kosa la mwanafunzi, na kitanda kitupu. Nikawa nabadilisha. Nikifunika hili, yupo. Nikifunika hili, hayupo. Sikutaka kuwa mtu wa kuliziba hilo jicho la zamani kwa hiari yangu.

Lakini umesema kweli, litafungika lenyewe. Kesho wanalipasua. Nimesaini.

Chumba wape watoto. Dirisha lake halina jua, kwa hiyo wapakie rangi ya joto, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ule wekundu wa jirani utaisaidia badala ya kuiharibu. Zambarau ni sugu, ukipaka juu juu itatokeza. Ukuta unapigwa msasa kwanza, unafutwa vumbi, inafuata praima, ile rangi ya chini ya kuziba ya zamani, ndipo rangi yenyewe.

Ila usimwite fundi, na wewe usiguse brashi. Mama mlimzika bila mimi. Sikutia hata kiganja kimoja cha udongo. Ukuta ule niachie. Nitakuja nikipona, niufunike mwenyewe, taratibu, kuanzia juu mpaka chini.

Kaka yako